Anayevaa Mdoli Hutangulia Kurudishwa Nyumbani

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, huko Arusha. Siku hiyo hiyo, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mageti ya Walt Disney World, bustani za burudani za kampuni ya Disney, hayakufunguliwa. Jumatano yake zamu ikawa yetu Zanzibar: mgonjwa wa kwanza, raia wa Ujerumani. Ndege za kukodi kutoka Italia zilikuwa zimeshasitishwa, kwa hivyo sisi tuliokuwa tukiishi kwa Wataliano hatukushangaa sana. Tulishaanza kuona meza zinapungua mkahawani, viti vya kulalia vimekunjwa ufukweni, na meneja anapita na simu sikioni bila ya kumsalimia mtu.

Tangu wakati ule nimekuwa na tabia ya kufuatilia habari za Disney kama wengine wanavyofuatilia ligi ya Uingereza. Wenzangu hunitania. Mtu wa Unguja, wanasema, kampuni ya panya wa katuni inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu nilikuwa mtu wa burudani. Kazi yangu ilikuwa animesheni, katika hoteli moja ya Kiwengwa ambayo sitaitaja, na nilitaka kujua maradhi yale yanamfanya nini tajiri mkubwa kuliko wote wa biashara tuliyokuwa tukiifanya sisi kwa udogo wetu.

Kwa asiyejua: hoteli za Kiitaliano za pwani ya mashariki zina kikosi cha vijana ambao kazi yao ni kuhakikisha mgeni hachoki kupumzika. Asubuhi mazoezi ndani ya bwawa, kisha mpira wa wavu mchangani, kisha darasa la Kiswahili la kuchekesha, jioni ngoma ya watoto, na usiku shoo jukwaani. Mkubwa wetu tukimwita kapo. Wengine walikuwa hodari wa sarakasi, wengine wa kuimba. Mimi nilikuwa mtu wa watoto, na mara nyingi nilikuwa kasa.

Kasa alikuwa mdoli mkubwa wa sponji, rangi ya kijani, gamba lake limeshonwa kwa kitambaa cha makoti. Kichwa kilikuwa na wavu mdomoni, na dirisha la kutazamia lilikuwa hapo hapo: ukitaka kumwona mtoto wa miaka mitatu ilibidi uiname mpaka pua yako iguse wavu. Ndani, mwezi wa Februari, jasho lilishuka mpaka kwenye viatu. Sheria ilikuwa moja, kwamba kasa hasemi. Mtoto akikukumbatia magoti unamkumbatia, akikupiga teke unacheka kwa mabega. Mdoli mmoja tukiuvaa watu wawili kwa kupokezana, na baina ya mtu na mtu kichwa kilipanguswa kwa spirit, basi. Kiwiliwili kilianikwa nyuma ya chumba cha kufulia, na pakipita mvua hakikauki, unakivaa vivyo hivyo.

Nasimulia haya yote kwa sababu mtu anaposema "sekta ya burudani iliathirika" haoni kitu. Mimi namwona mtu aliye ndani ya sponji.

Basi turudi kwa wakubwa. Kabla ya korona, mwaka wa fedha wa 2019, kitengo cha Disney kinachosimamia bustani za burudani, hoteli, meli za utalii na bidhaa kiliingiza kiasi cha dola bilioni 26, zaidi ya theluthi ya mapato yote ya kampuni. Bustani moja tu kati ya zile nne za Florida, Magic Kingdom, ilipokea karibu watu milioni 21 mwaka huo. Zanzibar nzima, na fukwe zake, Mji Mkongwe wake, karafuu na pomboo wake, ilipokea wageni wapatao 538,000. Na sisi tulijiona tumejaa.

Jambo lililonivutia mapema ni kwamba kampuni ile iliuona moshi kabla ya wengi wetu. Bustani yake ya Shanghai ilifungwa tarehe 25 Januari 2020, siku ya mwaka mpya wa Kichina, siku ambayo kwa biashara ile ni kama sisi tuambiwe tufunge wiki ya Krismasi. Hong Kong ikafuata kesho yake. Tokyo mwisho wa Februari. California tarehe 14 Machi, kisha Florida na Paris. Wakati Shanghai inafungwa, Kiwengwa tulikuwa katikati ya msimu, tunacheza na watoto kutoka Milano na Bergamo. Hakuna aliyetwambia kitu, na hata tungeambiwa sijui tungefanya nini. Msimu ni msimu.

Disneyland ya California ilifunguliwa mwaka 1955, na katika miaka zaidi ya 60 ilikuwa imefunga bila ya kupanga mara chache mno: maombolezo ya Rais Kennedy mwaka 1963, tetemeko la ardhi la 1994, mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001. Safari hii ilifungwa Machi 2020 na haikufunguliwa mpaka tarehe 30 Aprili 2021. Mwaka na zaidi. Jimbo la California lilishikilia kwamba bustani kubwa hazifunguliwi mpaka maambukizi katika wilaya yashuke mpaka daraja la chini kabisa, na kampuni ikalalamika sana hadharani. Florida, kampuni hiyo hiyo, midoli hiyo hiyo, ilifungua Julai 2020. Ndipo unapoona kwamba maradhi ni mamoja lakini serikali ni nyingi, na hilo Mzanzibari hana haja ya kufundishwa.

Pesa sasa. Katika robo ya mwaka iliyoishia Juni 2020, mapato ya kitengo cha bustani yalianguka kwa asilimia 85, na kampuni yote ikapata hasara ya dola bilioni 4.7 ndani ya miezi mitatu. Ukubwa wa namba hiyo unaweza kukufanya umwonee huruma tajiri, na mimi kidogo nilimwonea. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Mwezi wa Aprili, kabla ya hasara hiyo kutangazwa, ilikuwa imeshaacha kuwalipa mishahara wafanyakazi zaidi ya 100,000. Florida peke yake watu 43,000 wa vyama vya wafanyakazi walisimamishwa kuanzia tarehe 19 Aprili. Waliobaki ni wachache mno, wa ulinzi, wa matengenezo, wa kulisha wanyama. Aliyevaa mdoli alikwenda nyumbani.

Sisi tuliitwa ukumbini mwezi wa Machi mwishoni, pale pale kwenye jukwaa la shoo, tukakaa kwenye viti vya wageni. Tuliambiwa ni likizo bila malipo mpaka hali itengemae. Watu hawakupiga kelele. Lazima ujue kwamba kila mwaka ikifika masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hupunguza watu au hufunga kabisa kwa matengenezo. Vijana wa animesheni tumezoea kurudi nyumbani na begi na kurudi tena mwezi wa Juni. Kwa hivyo wengi tulilichukulia kama masika yaliyowahi. Wenzetu kutoka bara na Kenya ndio waliokuwa na haraka, wanatafuta boti kabla bandari hazijafungwa. Kijana mmoja wa sarakasi alimwachia mpishi baiskeli yake, akasema atakuja kuichukua. Baiskeli ile bado ipo kwa mpishi.

Hapa lazima niseme kitu kwa haki. Mfanyakazi wa Disney aliyesimamishwa Aprili 2020 aliendelea kuwa na bima ya afya iliyolipiwa na kampuni, kwa sababu chama chake kilikaa mezani kikaandikiana. Serikali yake nayo ilikuwa ikimlipa posho ya kukosa kazi, na kwa miezi ile ya mwanzo iliongeza dola 600 kwa wiki juu yake. Sitaki mtu aje kuniambia kwamba tulikuwa hali moja. Sisi tulikuwa na shamba, bahari na jamaa.

Na hivyo vitatu, kwa kweli, viliwabeba watu wengi. Dada mmoja aliyekuwa akitangaza shoo, sauti nzuri, Kitaliano chake cha kunyooka, alirudi Pwani Mchangani kumsaidia mama yake mwani. Alinisimulia kwamba mama mtu hakumsema hata neno, alimpa tu kamba na vigingi, kama vile miaka ile ya hotelini ilikuwa safari ya mjini tu. Mwengine aliazima pikipiki ya ami yake akaanza kupakia abiria. Wengine walichukua mboga kutoka shamba wakauza Darajani na Mwanakwerekwe. Upande wa chakula palikuwa na kichekesho chake: hoteli zilipoacha kununua, pweza na kamba wakashuka bei, na pweza aliyekuwa akiishia sahani ya mgeni kwa miaka yote akarudi sufuriani vijijini. Bibi yangu mmoja wa Matemwe alisema korona imemrejeshea pweza wake. Alisema akiwa na uso mkavu kabisa.

Lakini mwani haulipi ada ya skuli kama ulivyolipa mshahara, na pikipiki ya kuazima ina mwenyewe. Ikafika Ramadhani, mwisho wa Aprili, na watu wanafuturu kwa kupimiana. Sikukuu ikaja tarehe 24 Mei bila ya sikukuu. Wanaojua Unguja wanajua maana yake: Mnazi Mmoja bila ya mabanda, pembea za Kariakoo zimesimama, watoto wamevaa nguo mpya na hawana pa kuzipeleka. Hao ndio wateja wa burudani yetu ya kienyeji, wenye shilingi zao za mkono wa Idi, na wauza ubuyu, puto na barafu huitegemea wiki ile kama hoteli zinavyotegemea Agosti. Hakuna aliyehesabu hasara yao kwa robo mwaka. Ningependa sana kuiona ripoti ya robo mwaka ya muuza puto wa Mnazi Mmoja.

Kuna kipande kimoja cha habari hii ambacho kila nikikikumbuka nacheka peke yangu. Ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya wanyama iliyofunguliwa Florida mwaka 1998, umo mji wa kubuni uitwao Harambe. Mji huo umejengwa kuigiza miji ya mwambao wa Waswahili, Lamu zaidi. Una kuta zilizochubuka makusudi, mabango ya Kiswahili, maduka, na alama za uhuru zenye mwaka 1961. Walitumwa mafundi kuja Afrika Mashariki kutazama namna chokaa inavyobambuka ukutani, ili wakaibambue vile vile kwao. Basi fikiria Aprili 2020: Harambe ya Florida haina mtu, na Mji Mkongwe wa Unguja, uliobambuka wenyewe bila ya kuajiri fundi, nao hauna mtu. Wauza picha za Tingatinga wamefunga vibanda, mapapasi, wale vijana wanaowaandama watalii mitaani, wamekaa kibarazani wanacheza bao, hakuna wa kumwita rafiki. Tofauti ni kwamba kule kuta ziliendelea kutunzwa.

Kilichoiokoa Disney ni kwamba ilikuwa na mfuko wa pili. Miezi minne tu kabla ya mageti ya Florida kufungwa, Novemba 2019, ilikuwa imeanzisha huduma yake ya kutazama filamu kwa intaneti, Disney+. Lengo la mwanzo lilikuwa kufikisha wateja kati ya milioni 60 na 90 ifikapo 2024. Watu walipofungiwa majumbani na watoto wao, mwanzoni mwa Desemba 2020 wateja walikuwa milioni 86.8. Kazi ya miaka minne na ushei ikafanywa na maradhi ndani ya mwaka mmoja. Na palipopungua fedha ilikopa: mwezi wa Mei 2020 peke yake iliuza hati fungani za dola bilioni 11, na wakopeshaji walipanga foleni, kwa sababu nani asiyeamini kwamba watoto watarudi kumtazama panya?

Mwenye hoteli yetu naye, kwa kipimo chake, alikuwa na mfuko wa pili. Alikuwa na biashara nyengine kwao. Hoteli ikilala mwaka inalala, jengo halihami. Sisi tuliovaa na kuvua hatukuwa na mtandao wa filamu wala wa kukopa kwake. Ndiyo maana nasema, na huu ndio msimamo wangu tangu siku zile, kwamba katika biashara ya kufurahisha watu hasara hailingani na ukubwa wa mtu. Mkubwa hupata hasara kubwa inayoandikwa magazetini, kisha anaihamisha. Humshukia yule ambaye sura yake haionekani.

Septemba 29, 2020 Disney ilitangaza kuwaachisha kazi watu 28,000 moja kwa moja, na kama theluthi mbili yao walikuwa vibarua wa muda. Novemba idadi ikapandishwa mpaka 32,000. Kwetu hakukuwa na tangazo. Simu tu haikupigwa.

Kufungua kulikuwa na vituko vyake. Shanghai ilifungua Mei 2020 kwa idadi ndogo ya watu, barakoa na kupimwa joto. Hakuna gwaride, hakuna fataki, na midoli ilisimama mbali, juu ya vibaraza, ikipunga mikono. Mtu aliyevaa kichwa kizima cha sponji alikatazwa kumkaribia mtoto aliyevaa kitambaa mdomoni. Nilipoona picha zile nilielewa kazi ilivyo tupu bila ya yale magoti kukumbatiwa. Kumbatio lilirudi Marekani Aprili 2022 tu, miaka miwili baadaye. Japani, bustani moja karibu na mlima Fuji iitwayo Fuji-Q iliwaomba wateja wasipige mayowe kwenye treni za kupanda na kushuka, ili mate yasiruke. Wapige mayowe ndani ya nyoyo zao. Nimejaribu kuwapa maelekezo hayo watoto wa Kariakoo kichwani mwangu, nikashindwa.

Na Oktoba 31, 2021, jioni, Shanghai Disneyland ilifungwa ghafla watu wakiwa ndani, kwa sababu mgeni mmoja aliyepita pale aligundulika ana virusi. Watu 33,863 walipimwa kabla ya kuruhusiwa kutoka, na fataki zikawa zinalipuka juu yao huku wako kwenye foleni ya vipimo. Hiyo ni China. Kwetu anga ya Tanzania ilifunguliwa Mei 2020, Zanzibar ikapokea watalii tena Juni, na takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeacha kutolewa tangu mwisho wa Aprili.

Sitajifanya sikufurahi tulipofunguliwa. Nilifurahi. Tulikuwa tumeshauza vilivyouzika. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na kwa miezi mitatu tulikuwa tumeambiwa kwamba mgeni ndiye anayeleta maradhi. Waliokuja hawakuwa wale wale. Wataliano walifungiwa kwao. Badala yao, mwisho wa 2020, zikaanza kumiminika ndege za Warusi, Waukraine na Wapolandi, watu waliotafuta sehemu yoyote duniani yenye jua na isiyowauliza maswali mengi. Kiwengwa na Nungwi zikajaa mwaka mpya wa 2021. Vijana waliokuwa na Kitaliano cha kujivunia wakaanza upya na maneno ya Kirusi yameandikwa kiganjani kwa peni. Hata hivyo mwaka mzima wa 2020 ulifunga na wageni kama 260,000, nusu tu ya mwaka wa nyuma. Magic Kingdom ilianguka zaidi, kutoka milioni 21 mpaka kama milioni 7.

Nusu ya kikosi chetu ndiyo iliyoitwa. Mdoli wa kasa ulikuwa umeliwa na panya sehemu ya tumbo. Ulishonwa, na mimi nikauvaa, na safari hii hakukuwa na wa kupokezana naye.

Februari 2021 ndiyo ninayoikumbuka kwa uzito. Tarehe 12 na 13 tamasha la Sauti za Busara lilifanyika Ngome Kongwe, wakati takriban matamasha yote makubwa ya muziki duniani yamefutwa au yamehamia kwenye vioo vya simu. Watu walicheza bega kwa bega. Wageni walilia kwa furaha, nimewaona kwa macho yangu, walikuwa hawajasikia ngoma ya moja kwa moja kwa mwaka. Tarehe 17, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, akafariki dunia. Chama chake kilikuwa kimeshatangaza tangu mwisho wa Januari kwamba ana korona. Kisiwa kizima kilinyamaza, Pemba zaidi. Hotelini usiku ule tuliuliza kama shoo itakuwepo. Tukajibiwa kwamba wageni wamelipia. Shoo ikawepo.

Mwezi wa Januari mwaka huo huo, eneo la kuegesha magari la Disneyland ya California, bustani yenyewe ikiwa bado imefungwa, liligeuzwa kituo cha chanjo. Wazee walipanga magari pale pale palipokuwa pakipangwa magari ya watoto. Magazeti ya kule yaliona ni ajabu. Kwetu si ajabu, ila sisi tumekwenda kinyume. Kisiwa cha Changuu, unachokiona ukiwa Forodhani, kilijengwa jela mwaka 1894 ambayo haikupata wafungwa, kikawa kituo cha karantini, na abiria wa meli walishushwa pale kuangaliwa homa ya manjano. Leo boti hupeleka watalii kutazama makobe wakubwa waliotoka Shelisheli na kupiga picha kwenye kuta za karantini. Mwaka 2020 watu wa boti walikaa miezi bila ya kuvuka, na makobe walilishwa na walinzi.

Lakini lililonifungua macho zaidi ni namna kampuni ilivyorudi. Nilidhani itarudi kwa unyonge, kwa bei za kubembeleza, kama hoteli zetu zilivyofanya. La. Januari 2021 Disneyland ilivunja mpango wake wa pasi za mwaka, ambazo wenyeji wa pale walizitumia kuingia mara kwa mara, na ilipourudisha baadaye mwaka huo kila ziara ilitaka kuwekewa nafasi kwanza. Oktoba 2021, Florida, huduma ya kuruka foleni iliyokuwa bure tangu 1999 ikabadilishwa kuwa ya kulipia, dola 15 kwa siku kwa kila mtu, juu ya tiketi. Ilipolazimishwa kuingiza watu wachache, kampuni iligundua kwamba watu wachache wanaolipa zaidi ni biashara nzuri kuliko umati. Mwaka wa fedha wa 2022 kitengo cha bustani kilipata faida ya uendeshaji ya karibu dola bilioni 8, zaidi ya ile ya kabla ya korona.

Na ule mfuko wa pili, kumbe ulikuwa na tundu. Katika robo ya mwisho ya mwaka huo huo biashara ya filamu za mtandaoni ilipata hasara ya dola bilioni 1.5 kwa miezi mitatu. Novemba 2022 Bob Chapek, aliyekabidhiwa uongozi Februari 2020 siku chache kabla dunia haijafungwa, akaondolewa, na Bob Iger aliyemtangulia akarudishwa kwenye kiti. Masikini Chapek, alitokea kwenye hizo hizo bustani, ndizo alizokuwa akizisimamia, na ndizo zilizoibeba kampuni alipofukuzwa.

Zanzibar nayo imerudi na kupita ilipokuwa. Hoteli mpya zinajengwa mpaka nyuma ya makaburi. Mimi nilitoka kazini kabla ya hapo, nina duka la vifaa vya simu Mwembetanga, silalamiki. Waliobaki wananiambia mikataba sasa ni ya msimu kwa msimu tu, na kijana mmoja anafanya kazi iliyokuwa ya watatu: asubuhi bwawani, jioni kwa watoto, usiku jukwaani. Hoteli zilijua wakati wa korona kwamba inawezekana, na zikaona hakuna sababu ya kusahau.

Mwezi wa Mei 2024 nilisoma kwamba wavaa midoli na wacheza gwaride wa Disneyland ya California, kama watu 1,700, wamepiga kura kujiunga na chama cha wasanii wa jukwaani. Kura 953 za ndiyo, 258 za hapana. Baada ya karibu miaka 70 ya ile bustani, miongoni mwa waliokuwa wa mwisho kujiunga na chama ni hao hao watu wa ndani ya sponji. Miongoni mwa malalamiko yao ni usafi wa mavazi. Nikaituma habari ile kwenye grupu letu la zamani la Whatsapp, ambalo siku hizi ni la salamu za Ijumaa na misiba. Aliyejibu wa kwanza aliuliza wanalipwa shilingi ngapi kwa siku. Wa pili, yule aliyekuwa akipokezana kasa na mimi, akataka kujua kama sasa kila mtu atapewa kichwa chake.